Sosi ya Tartari kwa Samaki wa Kukaanga: Hatua kwa Hatua

Ukiagiza samaki wa kukaanga au ngisi kwenye hoteli nyingi za ufukweni, kuanzia Diani hadi Nungwi, sahani huja na kibakuli cha kitu cheupe pembeni. Mara nyingi ni mayonezi ya kopo iliyotiwa tango bichi, imeshaanza kutoa maji, haina uchachu wala chumvi ya kutosha. Mteja huchovya mara moja, huisogeza kando, kisha huomba ndimu na pilipili. Hana kosa. Alichopewa ni mayonezi iliyolowa, na hakuna wa kumlazimisha aipende.

Sosi ya tartari yenyewe, ikitengenezwa vizuri, ni kali. Samaki aliyekaangwa ana mafuta na ganda kavu, na nyama yake nyeupe ni pole. Anataka kitu kichachu cha kumchangamsha. Watu wa pwani tunalijua hilo tangu zamani, ndiyo maana hapakosi ndimu, kachumbari au chatne ya ukwaju. Wafaransa walifika palepale kwa njia yao: walichukua uchachu wa siki, limau na vitu vya achari, wakaufunga ndani ya mayonezi ili ukae juu ya samaki badala ya kuchuruzika sahanini. Kwa hiyo mayonezi hapa ni mbebaji, mzigo ni ule uchachu. Mpishi anayejaza mayonezi bakuli zima kisha akanyunyiza achari kidogo kama pambo ameipika sosi kichwa chini miguu juu.

Mwongozo huu unaanza kwenye mayonezi ya kupiga mwenyewe. Aliye na haraka na kopo zuri mkononi anaweza kurukia hatua ya tatu, ila asome kwanza maneno machache niliyoandika kuhusu makopo.

Ilikotoka

Jina linawataja Watartari, kama Wazungu walivyowaita watu wa nyika za Asia ya Kati, lakini sosi ni ya majiko ya Ufaransa. Mpishi maarufu Auguste Escoffier aliiweka kwenye kitabu chake kikubwa cha mapishi cha mwaka 1903, na toleo lake lingewashangaza wengi leo: viini vya mayai ya kuchemsha vilivyopondwa, mafuta, siki na majani ya vitunguu. Matango ya achari na kepa (vichipukizi vya maua vilivyohifadhiwa kwenye siki au chumvi), ambavyo leo ndivyo tunavyovitambua kama sosi yenyewe, havimo. Ile nyama mbichi ya kukatakata iitwayo steki ya tartari nayo imehusishwa na sosi hii, kwa kuwa zamani ililetwa mezani ikiwa na sosi pembeni.

Waingereza waliikumbatia na kuiweka karibu na samaki na chipsi zao. Ubelgiji huichovya chipsi tupu, na ndugu zetu wa Kongo walioko Brussels watakuwa wameshaizoea. Huko Marekani sosi hii ilipata nguvu kupitia Kwaresma, mfungo wa Wakristo kabla ya Pasaka. Katika jimbo la Wisconsin, samaki wa kukaanga wa Ijumaa ni desturi kubwa hadi leo, na sosi hii haikosekani mezani. Mwaka 1962 Lou Groen, aliyekuwa na mgahawa wa McDonald's mjini Cincinnati, aliona Wakatoliki wa mtaa wake wanampita siku za Ijumaa kwa sababu hawali nyama. Akabuni mkate wa samaki wenye sosi ya tartari. Bosi wa kampuni, Ray Kroc, alikuwa na wazo lake la mkate wa nanasi, wakashindanisha viwili hivyo siku ya Ijumaa Kuu. Samaki alishinda kwa mbali, na leo mkate huo, Filet-O-Fish, unauzwa duniani kote. Nadhani hakuna kilichoitembeza sosi hii kuliko mkate ule.

Vya kuandaa

Kiasi hiki kinatosha watu 6 hadi 8.

Kwa mayonezi:

- kiini 1 cha yai kubwa (mayai ya kuku wa kienyeji ni madogo, tumia viini 2)
- haradali ya kopo, kijiko 1 cha chai
- siki nyeupe, kijiko 1 cha chai
- maji ya limau, vijiko 2 vya chai
- mafuta ya alizeti yaliyosafishwa, mililita 180
- chumvi, robo kijiko cha chai

Vya kutia ndani:

- matango madogo ya achari, gramu 80
- kepa, kijiko 1 cha chakula kilichojaa
- kitunguu chekundu kidogo, kikikatwa kitoe kijiko 1 cha chakula
- pasili (parsley) iliyokatwa, vijiko 2 vya chakula
- majani ya vitunguu yaliyokatwa, kijiko 1 cha chakula
- limau la ziada na pilipili manga
- yai 1 la kuchemsha, ukipenda

Kwa asiyeijua kepa: ni vichipukizi vya maua ya kichaka cha nchi za Mediterania kiitwacho Capparis spinosa. Huchumwa kwa mkono kabla ua halijafunguka, kisha huhifadhiwa kwenye siki au chumvi. Huku kwetu huuzwa kwenye chupa ndogo katika maduka makubwa ya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, na bei yake haichekeshi. Lakini chupa moja hukaa miezi kwenye friji, mradi vichipukizi vibaki vimezama ndani ya maji yake. Zilizohifadhiwa kwa chumvi kavu, kama zile zenye sifa za kisiwa cha Pantelleria huko Italia, ziloweke kwanza na uzisuuze, la sivyo zitaitia sosi chumvi isiyotoka.

Kuhusu siki: mapishi mengi ya Ulaya husema siki ya mvinyo. Asiyeitumia kwa sababu za dini asihangaike. Siki nyeupe ya kawaida au ya tufaha inafanya kazi ileile.

Mafuta: usinunue kwa mazoea

Hapa ndipo mayonezi nyingi za nyumbani Afrika Mashariki huharibikia, na mpishi hulaumu mkono wake wakati kosa liko dukani. Mafuta mengi ya bei nafuu ya kupikia yanayouzwa kwetu ni ya mawese yaliyosafishwa. Kwenye joto la jikoni yanaonekana maangavu na hayana tatizo. Yapeleke kwenye friji, yanaanza kuganda. Mayonezi uliyoipiga vizuri jioni unaikuta asubuhi imejitenga, kwa kuwa vitone vya mafuta vilivyokuwa vimetulia ndani yake vimegeuka fuwele na kutoboana. Mafuta ya nazi ni mabaya zaidi kwa kazi hii, maana yenyewe huganda kwenye nyuzijoto 24 hivi, hata bila friji kama uko Arusha au Nairobi msimu wa baridi.

Soma lebo. Kama haieleweki, mimina mafuta kidogo kwenye glasi uyaache kwenye friji usiku kucha. Yakibaki maangavu asubuhi, piga nayo mayonezi. Yakiwa na ukungu mzito au yameganda, kaangia samaki.

Alizeti iliyosafishwa ndiyo chaguo langu. Yale ya kukamuliwa mashineni kule Singida na Dodoma, yenye rangi ya dhahabu na harufu nzito, nayapenda sana kwenye mboga, lakini ndani ya sosi hii harufu yake humfunika samaki, na nta iliyomo huyatia ukungu yakipoa. Mafuta ya soya au ya mahindi yanafaa. Ya mzeituni yana hila moja: yakipigwa kwa blenda, mayonezi hutoka chungu. Ukiyataka, piga mayonezi kwa alizeti kwanza, halafu ongeza kijiko kimoja au viwili vya mzeituni mwishoni kwa mkono.

Hatua ya kwanza: amua utafanyaje na yai

Kiini kibichi kinaweza kubeba bakteria wa salmonela. Mayai yetu huuzwa kwa trei, nje ya baridi, na hujui yamekaa siku ngapi, kwa hiyo jambo hili lisipuuzwe. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee na mgonjwa mwenye kinga dhaifu wasipewe mayonezi ya kiini kibichi. Una njia tatu.

Ya kwanza ni kutumia kopo la dukani, ambalo limetengenezwa kwa mayai yaliyoshapitishwa kwenye joto.

Ya pili ni kukipasha kiini. Kiweke kwenye bakuli la chuma pamoja na vile vijiko viwili vya maji ya limau, ile siki, na kijiko kimoja cha chakula cha maji. Kalisha bakuli juu ya sufuria yenye maji yanayotoa mvuke bila kutokota, ukoroge bila kuacha hadi kipimajoto kisome nyuzijoto 71. Kiini kitaanza kuwa kizito. Liondoe bakuli mara moja, ulikalishe kwenye maji baridi, endelea kukoroga kipoe, ndipo uendelee na mafuta. Bila kipimajoto njia hii ni bahati nasibu: ukizidisha unapata kiini kilichoganda kama mayai ya kuvuruga, ukipunguza hujafanya kitu.

Ya tatu, ambayo mimi huipendekeza kwa nyumba zenye watoto, ni kurudi karibu na njia ya Escoffier. Chemsha mayai 3 kwa dakika 11, poza, toa viini uviponde kwa uma hadi vilainike kabisa, pitisha kwenye kichujio kama una subira. Changanya na haradali vijiko 2 vya chai na siki kijiko 1 cha chakula, halafu tia mililita 150 za mafuta kidogokidogo. Kiini kilichoiva hushika mafuta kwa udhaifu kuliko kibichi, kwa hiyo haradali isipungue na mkono usiharakishe. Sosi haitakuwa laini kama hariri, itakuwa na chembechembe, na kwa samaki inapendeza. Ute uliobaki ukate vipande vidogo uutie mwishoni.

Hatua ya pili: piga mayonezi

Toa yai kwenye friji mapema lilingane na joto la jikoni. Weka kitambaa kibichi chini ya bakuli lisizunguke, kwa sababu mkono mmoja utakuwa unamimina na mwingine unapiga.

Kiini, haradali, chumvi, siki na maji ya limau vikae pamoja kwanza. Piga nusu dakika. Kisha anza mafuta, tone kwa tone. Simaanishi kijiko; namaanisha matone yanayohesabika. Kiini kina kitu kiitwacho lesithini, ambacho upande mmoja hushika maji na upande mwingine hushika mafuta. Kazi ya mkono wako ni kuyavunja mafuta yawe vitone vidogo sana ambavyo lesithini itavizunguka kabla havijarudiana. Mafuta yakiingia mengi mwanzoni, hayavunjiki. Yanaungana yenyewe na kuelea. Yeyote aliyewahi kuona tui likikatika sufuriani anaijua sura hiyo.

Robo ya mafuta ikishaingia, mchanganyiko utaanza kuwa mzito na kung'aa. Sasa unaweza kumimina kwa mkondo mwembamba. Ukiona imekuwa nzito mno mpaka kipigio kinaacha mitaro isiyofunga, tia kijiko kimoja cha chai cha maji kabla ya kuongeza mafuta. Wapishi wengi huogopa maji hapa, lakini vitone vya mafuta vinahitaji maji ya kutulia ndani yake, na mayonezi huweza kukatika kwa kukosa maji kama inavyokatika kwa haraka ya mkono.

Mwenye blenda ya mkono ana njia nyepesi. Chukua chombo chembamba kinachomeza kichwa cha blenda bila nafasi kubwa, weka yai zima pamoja na vile vitu vingine, mimina mafuta yote juu, subiri yai litulie chini. Shusha blenda hadi ikanyage yai, iwashe bila kuisogeza, uone weupe ukipanda kutoka chini, ndipo uinue polepole. Inachukua chini ya dakika moja.

Ikikatika, usiitupe. Chukua bakuli safi, weka kiini kingine au kijiko cha chai cha haradali na kijiko cha chai cha maji ya uvuguvugu, kisha utie ile iliyokatika kidogokidogo ukipiga, kana kwamba ndiyo mafuta. Itarudi. Kinachofanya ishindikane ni kuendelea kuipiga kwa hasira ndani ya bakuli lilelile.

Kwa wa kopo: angalia kwamba umenunua mayonezi kweli. Kuna bidhaa ya rafu hiyohiyo, krimu ya saladi, ambayo ina mafuta machache, maji mengi na sukari. Marekani, kwa mfano, kanuni zinataka kinachoitwa mayonezi kiwe na mafuta ya mimea yasiyopungua asilimia 65. Krimu ya saladi haifiki hapo. Sosi ya tartari ya krimu ya saladi huwa tamu na nyepesi, na hakuna kiasi cha limau kitakachoitoa huko. Mayonezi ya kopo nayo huwa na utamu wake, kwa hiyo anza na kijiko 1 cha chakula cha maji ya limau kwa kila gramu 200, na kijiko cha chai cha haradali.

Hatua ya tatu: kata, halafu kamua

Matango ya achari yakatwe vipande vidogo, karibu na ukubwa wa punje ya mtama. Usiyatie kwenye mashine. Mashine huyafanya uji, na sosi hii inataka kitu cha kutafuna katikati ya ulaini. Kepa kubwa zikate mara mbili au tatu, ndogo ziache.

Kitunguu kikate kidogo zaidi ya tango, ukiloweke dakika 10 kwenye siki kidogo au maji baridi yenye chumvi. Kitunguu kibichi kisichooshwa huwa kinakua ladha kadiri sosi inavyokaa, na kesho yake utakula sosi ya kitunguu.

Kisha kamua. Weka tango, kepa na kitunguu kwenye kitambaa safi, kunja, sokota hadi maji yaache kudondoka. Utashangaa yanavyotoka mengi. Maji hayo ndiyo yanayoilegeza sosi za hotelini na kuzifanya ziogelee. Usiyamwage yote lakini: weka vijiko viwili pembeni, ni ya chumvi na uchachu, yatakusaidia wakati wa kuonja.

Pasili ioshe na uikaushe kabla ya kukata, ikiwa mbichi kwa maji itaipaka sosi rangi ya kijani. Kotmiri nayo ni jani zuri lakini ina sauti kubwa; ukiitumia badala ya pasili, tia nusu ya kiasi.

Kama matango ya achari hayapatikani, tengeneza ya haraka. Chagua matango membamba, toa mbegu, kata, nyunyiza chumvi kijiko 1 cha chai kwa kila gramu 200, acha dakika 30, kamua kwa nguvu, kisha yafunike kwa siki nyeupe iliyochanganywa na sukari kijiko 1 cha chai. Saa chache kwenye friji zinatosha, usiku mzima ni bora. Tango bichi tupu lisiingie kwenye sosi hii kwa hali yoyote.

Hatua ya nne: changanya, pumzisha, onja tena

Kunja vyote ndani ya mayonezi kwa kijiko. Ukitazama bakuli, unapaswa kuona vipande vingi vikishikiliwa na weupe. Ukiona weupe mwingi wenye vipande vya kutafuta, ongeza achari. Kwa kiasi nilichotoa utakuwa sawa. Yai la kuchemsha, kama umelitaka, lisage kwa kichujio au ulikate vidogo, ulitie mwisho.

Ifunike, iingie kwenye friji angalau saa moja. Chumvi ya kepa na uchachu wa matango hutoka na kuenea ndani ya sosi, na makali ya kitunguu hupungua. Ionje baada ya hapo, si kabla, maana baridi hufifisha chumvi na utajikuta umekosea ukipima ikiwa haijapoa. Onja pamoja na kipande cha mkate au chipsi kimoja. Peke yake kwenye kijiko inatakiwa ikuonekanie kali kupita kiasi kidogo. Ikiwa tamu na ya kupendeza tupu, kwa samaki itapotea. Hapo ndipo unaongeza yale maji ya achari uliyoyaweka, limau na pilipili manga.

Samaki gani, na kwa namna gani

Sosi hii iliumbwa kwa kitu kikavu na cha moto. Minofu ya changu au kolekole iliyovingirishwa kwenye unga na chenga za mkate, ngisi wa pete, kamba wa kukaanga, sangara wa Ziwa Viktoria, ambaye mnofu wake mnene na usio na miba unafaa mno kwa mtindo wa Kiingereza. Sambaza wa Ziwa Kivu waliokaangwa wakakauka, wanaoliwa wazima, wanaipenda pia. Nguru ana ladha nzito na hamhitaji mtu, lakini hawakosani.

Samaki wa kupaka usimpe. Yule tayari ana tui, na mafuta juu ya mafuta yanachosha kinywa. Mchuzi wa samaki wowote vilevile. Pweza wa kuchoma wa jioni pale Forodhani ana pilipili na ndimu zake, mwache alivyo.

Kwa ganda la Kiingereza bila bia: unga wa ngano gramu 150, poda ya kuokea kijiko 1 cha chai, chumvi, na maji ya gesi yaliyo baridi sana, kiasi cha mililita 200. Koroga kwa haraka, uvimbevimbe kidogo hauna ubaya. Kausha samaki kwa karatasi, mpake unga mkavu kwanza, mtumbukize, kisha kwenye mafuta yenye nyuzijoto 180. Ukosefu wa kipimajoto unatatuliwa kwa tone la ule ute wa unga: likizama kisha likapanda mara moja likichemka, anza kazi. Kaanga vipande vichache kwa wakati, na ukivitoa viweke kwenye wavu, visirundikwe.

Sosi ikae pembeni ndani ya kibakuli, ikiwa baridi. Ukiimwaga juu ya samaki, mvuke na unyevu hulilainisha ganda ulilolihangaikia. Weka na kipande cha limau hata kama sosi ina limau ndani yake. Kuna watu hawaridhiki mpaka wakamue wenyewe.

Ukitaka kuichezea

Achari ya ndimu ya Unguja, ganda lake tu likikatwa dogo sana, kijiko kimoja cha chai, inaziba pengo la kepa vizuri kuliko chochote nilichokionja: ina chumvi, ina uchachu, ina uchungu wa mbali. Achari ya mbirimbi nayo hufaa baada ya kukamuliwa sana. Embe bichi lililokatwa vidogo linatoa mkatiko mzuri, ila lisikae usiku, linalegea. Achari ya embe yenye masala na mafuta mekundu inatoa sosi tamu kweli, lakini utakuwa umehama nyumba.

Wadenmark walishahama hivyo zamani. Sosi yao ya samaki wa kukaanga, remuladi, ni binamu ya hii, ya njano kwa manjano au bizari, yenye mboga za achari ndani, na wanaipaka hadi kwenye soseji. Mtu mwenye manjano jikoni na kabichi kidogo ya siki anaweza kufika huko kwa nusu kijiko cha chai. Wafaransa wana nyingine, gribishi, ya mayai ya kuchemsha, ambayo ukifuata njia ya tatu ya yai hapo juu umeshaikaribia bila kukusudia.

Kuhifadhi

Iliyopigwa kwa kiini kibichi imalizwe ndani ya siku 2, kwenye friji ya nyuzijoto 4 au chini yake. Ya kopo hukaa siku 4 au 5 baada ya kutiwa vitu vibichi. Mezani isizidi saa 2, na kama mnakula nje kwenye joto linalopita nyuzijoto 32, yaani mchana wa kawaida wa Tanga mwezi wa Februari, saa moja inatosha. Leta kidogo kidogo mezani, bakuli kubwa libaki ndani. Kinachorudi kutoka mezani kisirudishwe bakulini. Umeme ukikatika siku nzima, itupe bila mjadala.

Isigandishwe kwenye friza, itakatika ikiyeyuka.

Siku ya pili unaweza kukuta maji kidogo juu. Ni ya tango na kitunguu; yamwage, onja, rekebisha chumvi, ule na viazi vya kuchemsha au mkate wenye samaki aliyebaki. Ukikuta mafuta yanaelea, hiyo imekatika, na kwa kuwa achari imeshaingia huwezi kuipiga upya. Bado ina kazi kama haijapitisha siku zake: pakaza juu ya mapaja ya kuku, yaweke saa moja kwenye friji, kisha yapeleke kwenye mkaa hadi yaive kabisa. Yai na mafuta hulifanya ganda liwe jekundu, na siki imeshalainisha nyama.